Saini kabla ya kaburi: mwongozo kamili wa kukusanya kumbukumbu za mpira Lubumbashi

Mzee aliishika picha kwa ncha za vidole, akasogea nayo dirishani, akaanza kujitafuta kati ya vijana waliosimama mstari mmoja wamekunja mikono kifuani. Alipojiona alinyamaza kidogo. Nikampa kalamu. Aliifungua, akainamisha mkono juu ya picha, kisha akaniuliza, "Mwanangu, niandike jina lipi? La ubatizo, au lile la 1972?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Wakati picha ile inapigwa, yeye alikuwa mchezaji wa Englebert (klabu ambayo leo ni Mazembe) mwenye jina la Kikristo. Miaka michache baadaye Mobutu alipiga marufuku majina hayo, naye akaendelea na maisha kwa jina la babu yake. Nikamwambia, "Papa, andika yote mawili." Akaandika la ubatizo juu, la babu chini, polepole, kama mtu anayejaza fomu ya serikali. Picha hiyo ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote sandukuni mwangu, na mzee mwenyewe tumeshamzika.

Nilipofika kwake, komini ya Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si nchi jirani), orodha yangu ilikuwa na majina mengine matatu ya watu waliomo kwenye picha ileile. Niliwaandikia "mwakani". Sikuwahi hata mmoja. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza pale nilipokosea.

Panga orodha kwa umri, si kwa umaarufu

Kijana akinunua daftari la kuorodhesha saini anazozitaka, mstari wa kwanza huwa Messi, wa pili Ronaldo. Hakuna ubaya kuwapenda, ila wao wana mamilioni ya watu wanaohifadhi kila walichogusa. Mzee aliyeinua Kombe la Afrika akiwa na klabu ya mji wako ana watoto wake, majirani zake, na labda wewe.

Gawa daftari kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ni wa wazee, nao ndio wa haraka. Klabu tunayoiita Mazembe ilianzishwa 1939 na wamonaki Wabenedikto kwa jina la Saint-Georges, ikawa Saint-Paul, kisha ikachukua jina la matairi ya Englebert. Mwaka 1966 ilipozoa makombe ikaongezewa jina la Tout Puissant. Ikachukua Kombe la Klabu Bingwa Afrika 1967 na 1968, ikafika fainali tena 1969 na 1970. Fainali nne mfululizo! Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1967 sasa anakaribia themanini, kama yupo. Weka pia Lupopo, klabu nyingine ya mji huu, ile ya 1968 iliyokuwa bingwa wa nchi, hata kama wewe ni mtu wa nyeusi na nyeupe, rangi za Mazembe. Mkusanyaji anayekataa kuandika jina la Lupopo daftarini mwake anajinyima nusu ya historia ya mji huu.

Ukurasa huohuo uwe na Leopards, timu ya taifa, wa 1974, waliochukua Kombe la Afrika kule Misri kisha wakaenda Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia. Dunia inawakumbuka kwa mabao tisa ya Yugoslavia na kwa Mwepu Ilunga, mtoto wa mji huu, aliyechomoka ukutani akaupiga mpira kabla Brazil hawajapiga faulo yao. Sisi tunajua zaidi: Mwepu alikuwa beki wa Mazembe, na mwenzake wa klabu, Bwanga Tshimen, ndiye aliyekuwa Mchezaji Bora wa Afrika wa 1973. Mwepu alifariki 2015. Ndaye Mulamba, aliyefunga mabao tisa katika Kombe lile la Afrika, akafuata 2019. Saini zao hazitaongezeka tena; zilizopo ndizo hizo, na nyingine zimelala kwenye mabahasha ya familia bila mtu kujua ni nini.

Ukurasa wa pili ni kizazi cha 2009 na 2010. Hawa bado wana nguvu, wengi wanapatikana, na ndio walioipeleka klabu ya Afrika kwenye fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kwa mara ya kwanza. Abu Dhabi, Desemba 2010: Bedi akawafunga Pachuca, Kabangu na Kaluyituka wakawafunga Internacional ya Brazil, kipa Kidiaba akaruka kwa makalio uwanja mzima ukimtazama. Fainali tulifungwa tatu na Inter ya Italia, na mji haukulala hata hivyo. Kama unataka kitu kimoja tu cha kizazi hiki, tafuta picha moja ya kikosi na ukusanye saini zao juu yake, mmoja baada ya mwingine, hata ikichukua miaka mitano. Inapendeza kuliko jezi kumi zenye jina mojamoja.

Ukurasa wa tatu ni wanaocheza leo, na hapa nasisitiza wanawake. Mazembe ya wanawake ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2024, ikawafunga AS FAR bao moja kwa bila huko Morocco. Wachezaji hawa hawazongwi na umati mlangoni. Watasimama, watakuuliza unaitwa nani, watakuandikia vizuri. Miaka thelathini ijayo kuna mtu atakayetamani kuwa mahali ulipo wewe leo.

Wa nne ni wageni na waliohama. Nitaurudia nikifika kwenye kubadilishana.

Amua kitu cha kutiwa saini kabla hujatoka nyumbani

Saini kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule ni saini, lakini haina mwenza. Kitu kinachosainiwa kinapaswa kuzungumza na aliyekisaini: picha ya mechi aliyocheza, programu, tiketi, gazeti la siku ile, glavu kama ni kipa. Jezi (mayo, kama tunavyosema hapa) ndiyo inayotamaniwa na wengi, nayo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kitambaa kinavutika na wino unatambaa.

Kwa wazee, picha inashinda. Nenda kwenye studio, chapisha nakala mbili za picha yao ya zamani, moja ya kusainiwa, moja ya kumwachia. Wengi walipoteza picha zao katika uhamisho, uporaji na mvua za miaka mingi. Nimemwona mzee akiita wajukuu wote uani waje kumwona "babu yenu alipokuwa na nywele".

Kalamu

Mazembe huvaa mistari myeusi na myeupe, na hapo ndipo watu wengi huharibu. Makapeni nyeusi ikipita kwenye mstari mweusi inapotea, na nusu ya jina huenda nayo. Chagua mstari mweupe ulio mpana, au nambari ya mgongoni. Kama jezi ni nyeusi tupu, tumia kalamu ya rangi ya fedha au nyeupe ile ya kutikisa. Itikise vya kutosha na uijaribu kwanza kwenye katoni, maana tone la kwanza hupenda kudondoka.

Ndani ya jezi ingiza kipande cha katoni kigumu, ukubwa wa ubao wa kukatia mboga. Wewe shika kitambaa pande mbili ukikivuta kidogo, mchezaji aandike. Bila katoni wino unapenya hadi upande wa pili, na bila kuvuta herufi zinakunjamana. Halafu usikunje! Kaa nayo mikononi dakika kadhaa mpaka wino ukauke, hata kama teksi inakusubiri.

Kwenye picha yenye kung'aa, tumia makapeni ya ncha nyembamba yenye wino usiofutika. Biki huteleza juu ya picha na kuacha mfereji usio na wino. Kwenye karatasi ya kawaida, programu au gazeti, biki inafaa kabisa. Makapeni hupenyeza na kuchafua ukurasa wa nyuma. Kwenye mpira, tafuta kipande kisicho na maandishi ya kiwanda, pangusa mafuta ya mikono kwa kitambaa kikavu, na jua kwamba saini ya mpira ndiyo ya kwanza kufifia.

Beba kalamu mbili kila mara. Moja itakauka siku ileile unayoihitaji.

Namna ya kumfikia mwenyewe

Kwa wanaocheza leo, subira ndiyo kazi yote. Baada ya mazoezi ni bora kuliko baada ya mechi, na baada ya ushindi ni bora kuliko baada ya sare. Wakifungwa, rudi nyumbani. Uwanja wa ndege wa Luano timu ikirudi na kombe ni furaha kubwa lakini ni mahali pabaya pa saini, kwa kuwa utapata mkwaruzo wa mtu anayesukumwa. Mlangoni pa uwanja wa Kamalondo siku ya kawaida ya juma, mkiwa watu watano, utapata jina zima na tarehe. Omba kitu kimoja. Anayetoa jezi nne mfukoni huchukuliwa kuwa mchuuzi, na wachezaji wanawajua wachuuzi.

Kwa wazee ni tofauti kabisa. Usiende na kalamu mara ya kwanza. Tafuta anayekujua wewe na anayemjua yeye: katekista, jirani, shabiki wa zamani wa cent pour cent (kundi la mashabiki wa Mazembe), mtoto wake kazini. Nenda umsalimie. Sema, "Jambo Papa, nimekuja kuwasalimia, mimi ni mtoto wa fulani," ukae, umwache aulize habari za kwenu mpaka amalize. Mpira utakuja wenyewe. Siku ya pili ndipo unapeleka picha. Sukari, sabuni, mkate wa wajukuu, hivyo vinatosha na ni adabu. Kuhusu kulipia saini nina msimamo: sikubaliani bei na mzee, lakini nikiona nyumbani kuna shida ya dawa, nasaidia dawa, na hilo haliandikwi daftarini.

Mkono ukitetemeka, usimharakishe wala usimwombe arudie. Saini inayotetemeka ya mtu wa miaka themanini ni ya kweli kuliko ile ya ujanani mwake, kwa maana inaonyesha siku mliyokutana.

Andika hati siku hiyohiyo

Miaka ishirini ijayo hakuna atakayekuamini kwa maneno matupu. Kabla hujalala, chukua karatasi ya pembeni uandike kwa penseli: nani alisaini, wapi, tarehe gani, mbele ya nani, kwa kalamu gani, na alisema nini. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, nalo ndilo tamu. Usiandike nyuma ya picha yenyewe kwa biki, maandishi yatatokeza upande wa mbele.

Piga picha ya simu wakati mkono uko juu ya karatasi, si baada ya hapo mkiwa mmekumbatiana. Picha ya mkono unaoandika ni ushahidi. Ya kukumbatiana ni kumbukumbu tu. Zihifadhi mahali pawili, kwa sababu simu za mji huu zinaibiwa.

Kutambua bandia

Hapa ndipo nitakapokaa, maana pesa nyingi za mashabiki zinapotelea hapa.

Silaha yako ya kwanza si kioo cha kukuzia, ni historia. Nchi hii imebadilisha majina na sarafu mara nyingi kiasi kwamba kila karatasi inajitaja umri wake. Mji uliitwa Élisabethville hadi 1966. Nchi iliitwa Zaïre tangu 1971 hadi 1997, na katika miaka hiyo Katanga iliitwa Shaba. Sarafu ya zaïre na makuta yake ilianza 1967. Zaïre mpya ikaja 1993. Franga ikarudi 1998. Siku moja sokoni nilioneshwa tiketi "ya 1965", karatasi imekuwa ya rangi ya chai, inatia huruma. Bei yake ilikuwa imeandikwa kwa makuta. Nilimrudishia muuzaji kwa heshima nikaenda zangu. Huenda hata yeye alidanganywa.

Viwanja navyo vinasema. Uwanja wa Mazembe pale Kamalondo ulifunguliwa 2011. Fainali ya 2010 tulipowafunga Espérance tano bila ilichezwa uwanja wa Kibassa Maliba, na ya 2009 dhidi ya Heartland vilevile. Tiketi ya mechi hizo ikitaja Kamalondo, ni ya uongo. Jezi ikidaiwa ni ya 2010 huku ina nyota tano, nyota moja kwa kila ubingwa wa Afrika, hesabu mwenyewe: 1967, 1968, 2009, 2010, na la tano halikuja hadi 2015. Na aliyekuambia jezi yake ilivaliwa Kamalondo katika msimu wa kwanza wa uwanja ule, akakuonyesha madoa ya udongo mwekundu na majani mabichi kama uthibitisho, mkumbushe kwamba uwanja ule ulifunguliwa ukiwa na nyasi bandia.

Halafu ndiyo uangalie wino. Inamisha kitu kwenye mwanga wa pembeni. Saini ya mkono ina mahali ambapo kalamu ilikawia wino ukawa mzito, na mahali ilipokimbia ukawa mwepesi. Iliyochapishwa ina uzito mmoja mwanzo mpaka mwisho, na ukiikaribia unaona vitone. Kwenye jezi, wino wa kweli umeingia ndani ya nyuzi. Wa kuchapisha umekaa juu, ukikunja kitambaa unapasuka. Mpira wenye saini za timu nzima, geuza uzitazame zote kwa pamoja: kama mapindo ya herufi "a" yanafanana kwa watu kumi na wanane, kuna mtu mmoja aliyekaa mezani na kalamu moja.

Jezi ya kijani ya Zaïre 1974 yenye kichwa cha chui kifuani inatengenezwa upya mpaka leo na kuuzwa dunia nzima. Nunua uivae, inapendeza sana. Lakini anayekuambia ni ile iliyovaliwa Ujerumani, mwombe akueleze ilitoka mikononi mwa nani hadi kwake, jina baada ya jina. Mnyororo ukikatika mahali, bei ni ya jezi mpya.

Kuhifadhi katika hali ya hewa yetu

Jezi yangu ya kwanza iliyosainiwa niliitundika sebuleni, ukuta unaotazama dirisha, kila mgeni aione. Misimu miwili ya kiangazi ilitosha. Saini nyeusi ikawa ya kahawia, kisha ikawa kivuli. Jua ndilo adui wa kwanza, na jua la Lubumbashi kuanzia Mei hadi Septemba halina wingu la kulizuia. Ukitaka kutundika, tundika nakala ya picha yake.

Adui wa pili ni unyevu wa mvua, Novemba mpaka Machi, wakati hata chumvi inalowa. Tumia sanduku la bati lenye kifuniko kinachobana, uliweke juu ya matofali au mbao, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu. Mchwa hawaombi ruhusa. Ndani weka vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, ukivibadilisha kila msimu wa mvua unapoanza. Siku kavu ya Juni, fungua sanduku ndani ya nyumba, kivulini, vitu vipumue saa moja.

Jezi usiifue. Hata kama ina jasho, hata kama mama anasisitiza. Waeleze wa nyumbani mapema, uandike na kikaratasi. Iviringishe badala ya kuikunja, ndani ya shuka la pamba jeupe lililochakaa na kuoshwa mara nyingi. Mifuko ya plastiki ya sokoni inanata kwenye wino na kuubandua. Picha na programu zitenganishwe kwa karatasi nyeupe safi, si magazeti, kwa kuwa gazeti hugeuka manjano na kuambukiza jirani yake.

Na usipeleke chochote cha zamani kupigwa lamineti. Niliwahi kukabidhi programu ya mechi kwenye duka moja la fotokopi. Joto la mashine lilisambaza wino, na plastiki ile haitoki tena milele. Tiketi za siku hizi zinazochapwa kwa joto kama risiti nazo zifotokopiwe wiki hiyohiyo, baada ya mwaka zinakuwa nyeupe tupu.

Kubadilishana na jirani

Sasa ule ukurasa wa nne. Mbwana Samatta alitoka Simba akaja kwetu 2011, akafunga katika fainali ya 2015 dhidi ya USM Alger, akatajwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, kisha akaenda Genk na baadaye Aston Villa. Watanzania wanatamani kumbukumbu zake za Lubumbashi, na sisi hatuna za Simba. Wazambia nao wanamtafuta Kalaba na Sunzu wakiwa na jezi nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo ukipata viwili vya mchezaji mgeni, kimoja ni chako, cha pili ni cha safari.

Badilishana picha za simu kwanza, mkubaliane kwa maandishi, na mkabidhiane mkono kwa mkono. Kasumbalesa, mpakani na Zambia, si mbali. Kahawa moja mpakani ni salama kuliko bahasha iliyokabidhiwa dereva msiyemjua. Hati ya penseli isafiri pamoja na kitu, nakala yake ibaki kwako.

Jambo la mwisho la kufanya ni la nyumbani. Chagua mtoto mmoja, mpwa au binti, yule anayeuliza maswali, umkalishe mbele ya sanduku, utoe kitu kimojakimoja umsomee karatasi yake. Mwonyeshe daftari lilipo na ufunguo ulipo. Mimi nilimchagua binti wa dada yangu, ana miaka kumi na mitatu. Alipofika kwenye picha ya mzee alihesabu majina mawili chini ya uso mmoja, akaniuliza lipi ndilo la kweli, nikampa karatasi ya penseli aisome mwenyewe.